Ritifaa Iliyopotea Njiani: Historia Fupi ya Majina na Njia za Faili



Jina la ukoo wetu linaanza na ng', ile sauti ambayo watoto wetu wanaozaliwa huku hujifunza kwa neno ng'ombe. Sisi Wasukuma tunayo majina mengi ya namna hiyo. Hata mji wa Mwanza wazee wetu huutamka Ng'wanza. Ile alama ndogo inayokaa juu, walimu wetu wa shule ya msingi walitufundisha kwamba inaitwa ritifaa, nao hawakuwa na mchezo nayo. Ukiiondoa, ng'ara, yaani kutoa mwanga, inageuka kuwa Ngara, ile wilaya iliyoko Kagera.

Nilifika Minneapolis mwaka 1991, nikiwa na miaka 21, kusoma uhandisi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Wiki ya kwanza nilipeleka fomu katika ofisi moja hapa mjini. Karani, mama mwenye tabasamu, aliandika jina langu mara mbili, na mara zote mbili kompyuta yake ikalikataa. Mwishowe akaifuta ritifaa, akaniambia sasa mambo yamekaa sawa. Sikubisha. Mgeni wa wiki moja, asiye na hata koti la baridi, habishani na karani. Tangu siku hiyo nina majina mawili: la baba yangu na la kompyuta.

Miaka 21 baadaye, mwaka 2012, nilikuwa mhandisi katika kampuni moja ya hapa. Tulikuwa tunahamia kwenye mitambo mipya, na aliyesimamia akaunti akaniuliza jina langu liandikweje. Nikamwambia: liandike kama baba yangu alivyoliandika. Akaandika, na folda yangu kwenye kompyuta ikabeba ritifaa yake. Asubuhi iliyofuata programu zetu za kutunza kazi zikagoma kabisa kwenye mashine yangu. Kijana mmoja wa ofisini alikuja, akatazama, akanishauri kwa upole kwamba njia rahisi ni kuondoa tu ile alama.

Safari hii nilibisha. Makala hii inaeleza kwa nini, na inaeleza pia historia ambayo sehemu yake kubwa imepita hapa hapa katika Miji Pacha, ingawa wengi wetu tunapita mbele ya majengo yake kila siku bila kujua.

Njia ni nini?

Kila faili ndani ya kompyuta lina anwani yake, nayo huitwa njia. Njia husomwa kama maelekezo: ingia folda hii, kisha ile, kisha chukua faili lenye jina hili. Ziko njia za aina mbili, na sisi tunazijua zote mbili bila kusoma kompyuta.

Ukimwelekeza mgeni upande wa kusini wa Minneapolis, unampa namba ya nyumba na jina la barabara, basi. Barabara zenyewe zimepangwa kwa alfabeti kuelekea magharibi: Aldrich, Bryant, Colfax, Dupont, na kuendelea. Mgeni akitoka Bloomington au akitoka Saint Paul, anwani ni ile ile. Hiyo ndiyo njia kamili. Nyumbani Mwanza tunaelekeza kwa namna nyingine: shuka Kirumba, pita sokoni, ukimwona fundi cherehani chini ya mti muulize kwa mzee fulani. Maelekezo hayo ni mazuri sana, ila yanategemea pale ulipoanzia. Akianzia kwingine, mgeni atapotea. Hiyo ndiyo njia tegemezi.

Kompyuta hutumia zote mbili. Taabu huanza pale programu inaposhindwa kujua imepewa ipi, ikaanza kubahatisha. Na programu zinazobeba njia nyingi kupita zote ni zile za kudhibiti matoleo. Hizi ni kama daftari la kumbukumbu la waandishi wa programu: kila badiliko huandikwa, nani kalifanya, lini, katika faili gani, na namna ya kulirudisha lilivyokuwa. Programu kama hiyo hubeba maelfu ya njia, tena kati ya kompyuta za aina mbalimbali ambazo hazikubaliani hata jinsi ya kuandika njia moja.

Herufi saba za Control Data

Tuanze na zamani. Mwaka 1957 kundi la wahandisi, William Norris akiwa kiongozi wao, waliacha kazi katika kampuni ya Sperry Rand wakaanzisha kampuni yao hapa Minneapolis, wakaiita Control Data. Mwaka 1964 ilitoa kompyuta ya CDC 6600, iliyosanifiwa na Seymour Cray, na kwa miaka kadhaa hakukuwa na kompyuta yenye kasi zaidi duniani.

Mashine hiyo ilihesabu kwa mafungu ya biti 60. Herufi moja ilichukua biti 6, kwa hiyo katika mpangilio wake wa kawaida palikuwa na nafasi ya alama 64 tu: herufi kubwa, tarakimu na alama chache. Herufi ndogo hazikuwamo. Jina la faili lilipewa herufi 7 tu. Kwa nini saba? Piga hesabu: 7 mara 6 ni 42, zinabaki biti 18, na biti 18 ndizo hasa zilizohitajika kuandika anwani ya mahali ndani ya kumbukumbu ya mashine. Jina na anwani vikaenea katika fungu moja, bila kupoteza hata biti moja.

Huo ulikuwa uhandisi safi. Lakini tazama nani aliyepimwa kwa kipimo cha nani. Juma angeenea, Asha angeenea. Mwanahamisi asingeenea. Katika miaka ile hakuna aliyelalamika, maana kumbukumbu ilikuwa ghali kuliko dhahabu, na majina yale yalikuwa ya mafaili, si ya watu. Desturi, hata hivyo, ikabaki: jina ni kitu cha kukatwa mpaka kienee.

Control Data ilikuwa pia na programu iliyoitwa UPDATE, ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa mababu wa programu za kudhibiti matoleo. Maandishi ya programu yaliwekwa katika ghala moja, na kila mstari, uliokuwa bado ukifikiriwa kama kadi ya kutobolewa, ulipewa kitambulisho chake: jina la fungu na namba, kwa mfano MALIPO.25. Ukitaka kusahihisha, hukugusa maandishi yenyewe. Ulileta orodha ya masahihisho yenye jina lake, ikisema futa mstari huu, ingiza mingine baada ya ule. Mstari uliofutwa haukuondoka ghalani. Ulitiwa alama tu kwamba haufanyi kazi. Ukijuta, palikuwa na amri ya kuling'oa sahihisho zima, na mambo yakarudi kama awali.

Katika UPDATE hapakuwa na folda ndani ya folda, wala njia ndefu. Kila kitu kilikuwa na jina moja, na jina hilo halikubadilika hata kama kitu chenyewe kilihama. Tutaona baadaye jinsi wengine walivyohangaika miaka mingi kurudi pale pale.

Ugomvi wa mkwaju

Folda ndani ya folda zilienezwa na mfumo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Bell Labs kuanzia mwaka 1969. Wao walitenganisha majina kwa mkwaju, ule mstari wa mshazari: /nyumbani/taarifa. Katika Bell Labs hiyo hiyo, mwaka 1972, Marc Rochkind aliandika SCCS, programu ya kudhibiti matoleo iliyofungua njia kwa nyingi zilizofuata.

Upande wa kompyuta ndogo, DOS ya mwaka 1981 haikuwa na folda kabisa. Zilipoongezwa katika DOS 2.0 mwaka 1983, mkwaju ulikuwa umeshapewa kazi nyingine: ndio uliotangulia vibainishi vya amri. Wakachukua mkwaju wa kinyume, ule unaolala upande wa pili. Kwa sababu ndogo kama hiyo, dunia ikagawanyika mara mbili mpaka leo.

Kibaya zaidi, katika lugha ya C na wajukuu zake, mkwaju wa kinyume una maana yake ya siri: ukifuatwa na n ni mstari mpya, ukifuatwa na t ni nafasi ya kuruka. Hebu mwandishi wa programu anayejua Kiswahili aandike njia hii kwa pupa:

C:\nyumbani\taarifa

Kompyuta haitaona nyumba wala taarifa. Itaona C na nukta mbili, itaruka mstari, itaandika "yumbani", itaruka nafasi, kisha "aarifa". Nimewaonyesha vijana wengi mfano huo, na hucheka kila mara. Ila katika programu halisi kosa la namna hiyo laweza kujificha mwaka mzima.

Ongeza na haya. Unix hutofautisha herufi kubwa na ndogo: Ripoti na ripoti ni mafaili mawili. Windows kwa kawaida huyahesabu kuwa moja. DOS ilitaka jina lisizidi herufi 8 na kiambishi cha herufi 3. Windows 95 iliporuhusu majina marefu ilibidi iyatungie pia majina mafupi, hivyo faili lililoitwa "Taarifa ya Mkutano" likawa na jina la pili, TAARIF~1. Kumbe si mimi peke yangu niliyepewa jina la pili na kompyuta!

Gopher

Sasa turudi Minneapolis. Katika jengo la Shepherd Labs, hapo chuoni upande wa mashariki wa mto, timu ndogo ikiongozwa na Mark McCahill ilitoa Gopher mwaka ule ule niliofika, 1991. Farhad Anklesaria, Paul Lindner, Daniel Torrey na Bob Alberti walikuwa wenzake. Gopher ni mnyama mchimba mashimo, na ndiye nembo ya timu za michezo za chuo. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kuchimba na kukuletea faili popote lilipo duniani. Kabla ya wengi kusikia habari za wavuti, sisi tulikaa maabara tukifungua menyu za Gopher, tukitoka seva ya Minnesota kwenda ya Australia kwa kubonyeza namba. Kwa kijana aliyezoea barua kuchukua wiki tatu kufika Mwanza, ilikuwa ni ajabu.

Ajabu yenyewe iliendeshwa kwa kitu rahisi sana. Kila mstari wa menyu ulikuwa na mambo matano tu. Kwanza alama moja ya aina: 0 ni faili la maandishi, 1 ni menyu nyingine. Kisha jina la kumwonyesha mtu. Kisha ufunguo wa kumrudishia seva. Kisha jina la seva, na mwisho namba ya mlango, ambayo kwa Gopher kwa kawaida ni 70.

Huo ufunguo ndio kiini cha makala hii. Mara nyingi ulikuwa njia ya faili. Lakini waraka rasmi wa Gopher, uliotolewa Machi 1993 kwa namba RFC 1436, ulitoa amri iliyo wazi: kompyuta ya msomaji isiupe maana yoyote ufunguo huo, wala isiubadilishe. Iupokee, iutunze, iurudishe kama ulivyo. Mkwaju uende upande gani, herufi ziwe kubwa au ndogo, hayo ni mambo ya mwenye nyumba. Mgeni hana haki ya kupanga upya vyumba.

Na mtu hakuwa na sababu ya kuuona ufunguo huo, maana alikuwa na jina lake la kusoma pembeni. Jina la mtu lilikaa mahali pake na jina la mashine mahali pake. Hakuna lililomla mwenzake.

Gopher haikudumu kileleni. Mapema mwaka 1993 chuo kilitangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva zake watatakiwa kulipia leseni, na watu wakaingiwa na hofu. Tarehe 30 Aprili mwaka huo huo, CERN iliyoko Geneva iliitoa teknolojia ya wavuti itumiwe na yeyote bila malipo, na wavuti ulikuwa pia na picha na maandishi yanayounganika. Watu wakahama. Hata hivyo, waraka wa Desemba 1994 ulioeleza jinsi anwani za wavuti zinavyoandikwa una majina matatu: Tim Berners-Lee, Larry Masinter, na McCahill wa hapa Minnesota. Kwa hiyo unapoandika anwani ya tovuti leo, mkono wa Minneapolis umo.

Njia moja, au njia tatu?

Wenzetu wa kudhibiti matoleo walichukua muda mrefu zaidi kujifunza somo hilo. CVS, iliyoanzishwa na Dick Grune huko Amsterdam mwaka 1986, ilitunza historia ya kila faili ndani ya faili lingine lenye jina lile lile. Historia ilifungwa kwenye jina. Ukibadili jina la faili, historia ilibaki nyuma, kama mtu aliyehama mji akaambiwa shule alizosoma hazitambuliki.

Mwaka 2000 kampuni ya CollabNet ilianza kazi ya kuirithi CVS kwa programu iitwayo Subversion, na toleo la 1.0 likatoka Februari 2004. Subversion iliweza kuhamisha faili na historia yake. Lakini ndani yake njia zote zilishikwa na seti moja ya kazi: njia ya faili katika diski yako, anwani ya wavuti ya ghala, na njia ya ndani ya ghala, zote zilipita mlango mmoja, na msimbo ulitazama maandishi na kukisia hii ni ya aina gani. Iliwekwa sheria kwamba kila njia iwe katika umbo safi: mkwaju usirudiwe mara mbili, usiachwe mwishoni. Njia isiyo safi ikipenya mpaka ndani, programu ilisimama papo hapo. Sisi tulioitumia siku zile tunakumbuka.

Dawa ilipatikana kwa kugawa. Kufikia toleo la 1.7, Oktoba 2011, njia zilikuwa zimetengwa makundi matatu, kila moja na kazi zake: za diski, za wavuti, na zile tegemezi za ndani ya ghala. Kazi za zamani zilizobahatisha zikawekwa pembeni. Mtu aweza kuuliza: kutoka moja kwenda tatu, huko ni kurahisisha? Ndiyo. Ile moja ilibeba tatu kwa kificho, na kila anayeigusa ilibidi akisie. Jambo likiitwa kwa jina lake, kukisia kunakwisha.

Git, aliyoianzisha Linus Torvalds Aprili 2005, ilichukua mkondo mwingine ulio karibu na Gopher. Ndani ya ghala lake jina ni mfululizo wa baiti tu. Hailitafsiri, hailipimi urefu kwa rula ya Control Data. Na katika orodha ya kila folda hakuna mkwaju hata mmoja. Kila folda inajua majina ya vilivyomo ndani yake tu.

Ritifaa yangu

Nirudi sasa mwaka 2012. Ghala lenyewe halikuwa na neno na jina langu. Kilichogoma ni programu ndogo ndogo tulizoandika wenyewe kuzunguka ghala hilo. Nikazisoma, na nilichokuta kinafahamika kwa kila fundi: kila mtu aliyepata taabu ya njia alikuwa ameweka kiraka pale pale alipoumia. Huyu kageuza mkwaju. Yule kaondoa mkwaju uliorudiwa. Mwingine, akiogopa nafasi kati ya maneno, kaizungushia njia alama za kunukuu, kisha kaishona ndani ya amri ndefu.

Hapo ndipo ritifaa ilipofia. Kwa kompyuta, alama ile ile moja ndiyo inayofungua na kufunga nukuu. Ikikutana na '/nyumbani/ng'ombe/kazi', husoma mpaka ng, ikadhani sentensi imekwisha, na kilichobaki ikakiona upuuzi.

Kuongeza kiraka kingine kungechukua dakika tano. Badala yake niliomba wiki mbili, nikaandika upya kwa kanuni tatu. Kwanza, njia ikiingia igeuzwe mara moja tu, mlangoni, iwe katika umbo moja. Pili, ikiwa ndani ibebwe nzima. Mtu asiikate wala kuiunga kwa mkono. Tatu, tukiagiza programu nyingine ifanye kazi, tuipe njia peke yake kama kifurushi kilichofungwa, tusiishone katikati ya amri. Viraka vyote vikatoka, na msimbo ukawa mfupi kuliko mwanzo.

Bosi aliniuliza, kwa haki yake, kwa nini wiki mbili kwa ajili ya alama moja. Nilikuwa na majibu ya kiufundi. Lakini jibu bora halikutoka kwangu. Siku chache baadaye alikuja mezani kwangu mzee mmoja mzaliwa wa Saint Paul, wa asili ya Kiayalandi, ambaye jina lake huanza na O na ritifaa. Alikuwa ameajiriwa pale kabla yangu kwa miaka mingi. Kompyuta ilikuwa imemfuta yake pia, naye hakuwahi kusema. Aliniuliza kama sasa anaweza kurudishiwa.

Miaka yote ile nilidhani hilo ni jambo la sisi wageni.

Mpakani

Nisije nikawapotosha: kutotafsiri jina si dawa ya kila kitu. Desemba 2014 iligunduliwa kasoro kubwa katika Git. Folda iitwayo .git ni ya Git yenyewe, na mtu wa nje hakuruhusiwa kuingiza faili ndani yake. Mlinzi alikagua jina hilo kwa herufi ndogo. Mwovu aliyeandika .GIT alipita, na kwenye diski ya Windows au ya Mac, isiyotofautisha herufi, akajikuta ndani. Kwenye Windows hata git~1, lile jina fupi la urithi wa DOS, lilitosha. Mercurial nayo ilipatwa na kasoro ya namna hiyo. Zikarekebishwa haraka. Ndani ya nyumba usiliguse jina la mtu, lakini mlangoni lazima ujue majirani wako wanalisomaje.

Mfano mzuri wa utaratibu huo tunao sote, tumeuweka kwenye droo: pasipoti. Fungua ukurasa wenye picha. Juu pameandikwa jina lako kwa ajili ya watu, na ritifaa yaweza kuwapo. Chini kuna mistari miwili ya herufi 44 kila mmoja, ya kusomwa na mashine: herufi kubwa A hadi Z, tarakimu, na alama ya < basi. Ritifaa huachwa hapo kwa kanuni ya kimataifa. Kitabu kimoja, majina mawili, kila moja mahali pake, kama menyu ya Gopher. Kosa hutokea pale afisa anaponakili mstari wa chini na kuufanya ndilo jina lako. Majirani zetu wa Cedar-Riverside wanalijua hilo kuliko sisi: Msomali ana jina lake, la baba na la babu, akifika huku fomu inamdai jina la ukoo, na wakimbizi wengi wasio na cheti cha kuzaliwa wameandikiwa kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari. Fomu ilikuwa na kisanduku, na kisanduku lazima kijazwe.

Visanduku hivyo huandikwa na watu. Leo baadhi ya wanaoviandika ni watoto wetu, wanaosoma Minneapolis na Saint Paul na kuajiriwa hapa. Kwao nina ombi moja: mkipokea jina, mlirudishe kama lilivyotolewa. Likihitaji kugeuzwa kwa ajili ya mashine, ligeuzeni mlangoni, mara moja, na lile la asili mlitunze.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho, kumbukumbu za Control Data zimehifadhiwa na Taasisi ya Charles Babbage, katika maktaba ya Elmer L. Andersen, upande wa magharibi wa mto. Nyaraka zake hukaa katika mahandaki yaliyochimbwa kwenye mwamba wa Mississippi, na kutoka minara ya Cedar-Riverside ni mwendo wa miguu tu. Binti yangu nilimpeleka huko. Alipojiandikisha mapokezini alipewa kalamu na karatasi, akaandika jina letu lote, na ritifaa yake juu.